Fungu la Maziwe na Milima ya Upare

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, na hasa vijana wa Same na wa vijiji vya milimani, juu ya jambo ambalo huenda wakalidhani ni la watu wa pwani peke yao. Jambo lenyewe ni mikondo ya bahari, namna inavyobadilika kwa misimu ya mwaka, na namna inavyolitendea fungu moja dogo la mchanga lililoko mbele ya mji wa Pangani. Jina lake ni Maziwe. Mtu aliyezaliwa Chome au Mamba, akalelewa kwa maji ya ndiva na kwa mvua za mlimani, ana haki ya kuuliza: fungu la mchanga lililo katikati ya maji ya chumvi lanihusu nini mimi? Twamwomba atuvumilie kidogo, kwani khabari ya fungu hilo ni khabari ya shamba lake pia.

Na tuanze kwa njia ya maji. Mto wa Pangani hupata maji yake ya kwanza kutoka Kilimanjaro na Meru, nayo hukusanyika katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Kutoka hapo mto huelekea kusini, ukiiacha milima ya Upare mkono wa kushoto, hupita tambarare zilizo magharibi ya Same, kisha Korogwe na Hale, na mwisho huingia baharini katika mji wa Pangani wenyewe. Upande wa pili wa milima, mashariki, maji ya Gonja, Ndungu na Kihurio huteremka mpaka mto Mkomazi, ambao hupita kati ya Upare na Usambara, nao hatimaye huungana na mto wa Pangani. Basi mvua ikinyesha juu ya kilele cha Shengena, ambacho kimo chake ni mita 2,462, tone moja huweza kuteremkia magharibi na jingine mashariki, na yote mawili, yasiponywewa na mimea wala kukaushwa na jua, hutokea baharini kwa mlango mmoja.

Nje ya mlango huo, upande wa kusini-mashariki, kwa masafa yasiyofika kilomita 10 kutoka ufuko wa Ushongo, ndipo lilipo fungu la Maziwe. Maji yakipwa, huonekana mchanga mweupe uliozungukwa na miamba ya matumbawe. Maji yakijaa siku za bamvua, mchanga wote hufunikwa, na mgeni apitaye na mashua asingejua kwamba chini yake pana nchi kavu ya saa chache.

Hali haikuwa hivi zamani. Mpaka katika miaka ya 1970 Maziwe kilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje na mimea mingine, na wavuvi walikifahamu kwa mbali kwa vilele vya miti yake. Kasa walipanda usiku kutaga mayai katika mchanga wake, na wataalamu waliokikagua kisiwa katika miaka hiyo walikihesabu kuwa ni mojawapo ya mahali bora pa kutagia kasa katika Tanzania nzima. Mwaka 1975 Serikali ilikitangaza kuwa mahali pa kuhifadhiwa. Lakini hazikupita siku nyingi tangu tangazo hilo ila mivinje ilianza kuanguka mmoja baada ya mmoja, na miaka ya 1980 ilipoingia, pale palipokuwa kisiwa palibaki fungu tupu.

Ili tuelewe jambo hili, hatuna budi kuijua bahari yenyewe. Watu wa bara wengi hudhani kwamba maji ya bahari husimama mahali pamoja, yakipanda na kushuka tu. Sivyo. Maji ya Bahari ya Hindi, yasukumwayo kutoka mashariki, hupita upande wa kaskazini wa Bukini, yakaifikia pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, jirani ya mpaka wa Msumbiji na Tanzania. Hapo hugawanyika. Sehemu moja hushuka kusini, na sehemu nyingine hupanda kaskazini, ikiambaa pwani ya Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba na Tanga mpaka kufika Kenya. Mkondo huu huelekea kaskazini mwaka mzima; kinachobadilika kwa misimu ni nguvu yake.

Na misimu hiyo ni miwili, kama wajuavyo mabaharia. Kusi huvuma kuanzia mwezi wa Aprili au Mei mpaka Septemba au Oktoba, ikitoka upande wa kusini. Wakati huo upepo na mkondo hufuata njia moja, na mkondo huweza kufika mwendo wa maili nne za bahari kwa saa. Kaskazi huanza Novemba au Disemba na kuendelea mpaka Machi, ikitoka upande wa kaskazini-mashariki. Wakati huo upepo huupinga mkondo, nao hulegea mpaka karibu maili moja kwa saa. Katikati ya misimu hiyo ni wakati wa maleleji, au tanga mbili, upepo usipokuwa na msimamo. Nahodha wa zamani aliyetoka Kilwa kwenda Mombasa wakati wa kusi alibebwa na upepo na maji pamoja. Aliyesafiri wakati wa kaskazi alipingwa na upepo, na msaada wa maji ulikuwa mdogo.

Mbele zaidi, katika bahari ya Somalia, jambo ni kubwa kuliko hilo. Huko mkondo wenyewe hugeuka kabisa: wakati wa kusi huenda kaskazini kwa nguvu nyingi, na wakati wa kaskazi hurudi kusini. Mikondo mikubwa ya duniani igeuzayo njia yake hivyo kila mwaka ni michache. Wakati wa kaskazi mkondo ule unaoshuka hukutana na mkondo wetu unaopanda, katika bahari iliyo mbele ya Malindi na Lamu. Na yakishakutana, maji hayo yote mawili hugeuka kuelekea mashariki katika bahari kuu. Mahali hapo chini ya maji pana mafungu mapana yasiyo na kina kirefu, na maji ya chini yaliyo baridi na yenye rutuba hupanda juu, yakawa chakula cha vijidudu vidogo vya baharini, navyo vikawa chakula cha samaki. Ndiyo maana sehemu hizo zina sifa ya samaki wengi.

Sasa turudi Maziwe. Karibu na ufuko, mkondo mkubwa tuliokwisha kuutaja huachia nafasi nguvu nyingine mbili, yaani kupwa na kujaa kwa maji, na mawimbi. Katika pwani yetu tofauti baina ya kupwa na kujaa, siku za bamvua, hukaribia mita 4. Maji mengi kiasi hicho, yakipita juu ya fungu mara mbili kujaa na mara mbili kupwa kwa kila siku, huweza kuchukua mchanga mwingi. Nayo mawimbi hufuata upepo. Wakati wa kusi mawimbi makubwa hutoka kusini na mashariki, yakausukuma mchanga upande wa kaskazini; wakati wa kaskazi mawimbi hutoka upande wa pili, yakaurudisha kusini. Kwa hiyo fungu la mchanga baharini hubadili umbo lake kila msimu: ncha iliyokuwa ndefu upande huu mwezi wa Agosti huweza kuonekana upande wa pili mwezi wa Februari.

Kusogea huko kwa mchanga si msiba. Kila fungu la namna hii huishi kwa kusogea, maadamu kinachorudi si pungufu ya kilichokwenda. Nao mchanga mweupe wa mafungu kama haya hautoki mtoni; hutokana na matumbawe na makome yaliyosagwa na maji kwa muda mrefu. Yakiwa hai matumbawe, mchanga mpya hupatikana. Na ikiwa juu ya fungu pana miti na majani, mizizi huushika mchanga wakati wa mawimbi makali, hata msimu wa upole ukaja kurudisha uliokwenda. Ikiondoka mizizi, msimu mmoja mkali huchukua kuliko msimu wa pili uwezavyo kurudisha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Maziwe. Sababu zilizotajwa na waliolichunguza jambo hili ni zaidi ya moja: mimea kuondolewa na watu, mmomonyoko wa mawimbi, na bahari kupanda. Lakini zote zilikutana mahali pamoja, napo ni kwamba mchanga ulikosa mshikaji. Kasa hawakuacha kuja, kwani mnyama yule hurudi mahali alipozoea. Walitaga katika mchanga ambao siku za bamvua hufunikwa na maji, na yai la kasa likizama halianguliwi. Ikawalazimu watu wa Ushongo na wahifadhi kuyachukua mayai yale kwa mikono yao, wakayafukia katika ufuko wa bara ili watoto wapate kutoka salama. Kazi waliyoifanya mizizi ya mivinje bila ya mshahara, sasa yafanywa na wanadamu kwa taabu.

Huenda kijana wetu wa Same akasema: Tumesikia, lakini huku ni milimani. Basi na ajue kwamba pepo zile zile zinazouchukua mchanga wa Maziwe ndizo zinazomletea mvua. Jua linapovuka kutoka kusini kwenda kaskazini, na kaskazi ikaachia nafasi kusi, ndipo inaponyesha masika, kati ya Machi na Mei. Jua linaporudi, na kusi ikaachia kaskazi, ndipo inaponyesha vuli, kati ya Oktoba na Disemba. Unyevu wa mvua hizo umetoka baharini. Upepo wa bahari ukiufikia ukuta wa milima ya Upare, hulazimika kupanda, hupoa, na maji yake yakaanguka katika miteremko ya mashariki na ya juu. Ukishuka upande wa magharibi huwa umekwisha kuacha mzigo wake. Ndiyo sababu mji wa Same na tambarare zake ni nchi kavu ya mikonge na miiba, na hali mwendo wa saa chache kupanda mlimani mtu hukuta migomba, kahawa na tangawizi.

Tena, si upepo peke yake utawalao mvua; joto la bahari nalo lina sehemu yake. Iko miaka ambayo upande wetu wa Bahari ya Hindi hupata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ukapoa. Miaka hiyo vuli huwa nyingi kupita kiasi. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, ilikuwa hivyo mwaka 1997, na ilikuwa hivyo mwaka 2019. Joto lile lililoandama mvua za 1997 halikuishia nchi kavu; mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa. Tazama basi: joto moja la bahari lilibomoa barabara na madaraja ya bara, na lilidhoofisha kile kinachoumba mchanga wa mafungu. Na Novemba 2009, katika mvua kubwa, ardhi iliporomoka upande wa Mamba Miamba katika wilaya ya Same, ikaua watu waliokuwa majumbani mwao. Twawaombea marehemu hao rehema, na ndugu zao subira.

Ikiwa bahari hutuletea mvua, milima nayo hupeleka nini baharini? Hapa ndipo penye neno letu kubwa la mwezi huu. Msitu wa Chome na misitu mingine ya Upare huyapokea maji ya mvua taratibu, ikayaficha ardhini, ikayatoa kidogo kidogo mwaka mzima. Mahali msitu ulipokatwa, na mikamfa ikapasuliwa mbao, na mteremko ukalimwa bila ya matuta, maji hayafichiki. Hushuka kwa siku moja yakiwa mekundu, yamebeba udongo wa juu ulio na rutuba. Sehemu ya udongo huo hujaza ndiva na mabwawa. Sehemu nyingine husafiri mpaka baharini, nako tope huyafunika matumbawe, ambayo hayawezi kuishi pasipo maji safi yenye nuru. Na mvua ikishapita, mto hubaki mwembamba. Huko Pangani, mto unapopungua nguvu, maji ya chumvi hupanda ndani yake kupita yalivyokuwa yakifika zamani, yakaharibu mashamba yaliyo kando.

Hatusemi kwamba watu wa Upare ndio walioiangusha mivinje ya Maziwe; kusema hivyo kungekuwa dhuluma. Tunalosema ni kwamba mteremko wa Vudee na fungu la Maziwe vina desturi moja. Pote pawili kuna ardhi inayotembea kwa msimu, ikisukumwa na maji; na pote pawili kinachoizuia isiende moja kwa moja ni mzizi wa mti. Tofauti ni kwamba Maziwe palikuwa padogo, na pepo zake ni kali, kwa hiyo yaliyotokea huko kwa miaka kumi huweza kutokea mlimani kwa miaka hamsini. Mwenye kuona mwisho wa jambo kwa jirani yake amepewa nafasi ya kuuepuka kwake.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa mambo haya. Wa pwani waliihesabu siku ya Nairuzi, wakahesabu kutoka hapo siku za mwaka kumi kumi, wakajua lini kusi itaanza na lini chombo kipandishwe pwani. Ahmad ibn Majid, nahodha Mwislamu wa karne ya kumi na tano, aliandika karibu na mwaka 1490 kitabu kizima juu ya nyota, pepo na misimu ya safari katika Bahari ya Hindi. Wa Upare nao walichimba ndiva: bwawa dogo juu ya mteremko, lijaalo maji usiku na kufunguliwa asubuhi, kila jamaa wakapata zamu yao mfereji ukifika kwao. Ndiva haikuweza kusimama kwa mtu mmoja. Ilihitaji watu wa kuzoa tope, wa kulinda chemchemi iliyo juu, na wa kumzuia mwenye nguvu asichukue zamu ya mnyonge. Huo ni ujuzi wa misimu pamoja na uadilifu, na kimoja bila ya chenziwe hakifai.

Basi yatupasa nini sisi wa leo? Kwanza, kila nyumba ijue chemchemi na vijito vinavyopita karibu nayo, na iache kingo zake na miti. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu katika mita 60 za ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari. Mtu wa Suji asiyelima mpaka ukingoni mwa kijito, na mtu wa Pangani asiyejenga juu ya mchanga wa ufuko, wanatii sheria moja kwa sababu moja.

Pili, alimaye mteremkoni na akinge udongo wake kwa matuta au kwa kuta za mawe. Taabu yake ni ya msimu mmoja au miwili, na faida yake huwafikia watoto.

Tatu, tusipuuze utabiri wa mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wake kabla ya vuli na kabla ya masika, na sehemu kubwa ya utabiri huo hutokana na kupimwa kwa joto la bahari. Baba mwenye shamba akiambiwa kwamba vuli yatazamiwa kuwa haba, apande mbegu ya muda mfupi. Akiambiwa yatazamiwa kuwa nyingi, azibue mifereji yake, na akaaye chini ya mteremko uliokwisha kupasuka asingoje usiku wa mvua ndipo afikiri kuhama.

Nne, tupande miti, na hasa ya asili ya milima yetu, mahali ilipokatwa. Kila Mwislamu amefundishwa kwamba akipanda mti, kisha akala kwake mtu, au ndege, au mnyama, huandikiwa sadaka. Sisi tunafahamu kwamba katika wanyama hao yumo pia kasa wa Pangani, ambaye hatautia mti huo kinywani, lakini maji safi ya mto ni riziki kwa bahari anamoishi.

Vijana wetu wengi hushuka kutoka milimani, wakapita Same, wakachukua njia ya Dar es Salaam au Arusha, kwa sababu shamba la baba halitoshi tena. Hatuwalaumu, riziki hutafutwa. Lakini aliyebaki nyumbani asidhani amebaki mahali pa pembeni pa dunia. Anaposimama katika shamba lake na kuuona wingu unapanda kutoka mashariki, anatazama maji yaliyokuwa baharini. Na anapouzuia udongo wake usiende na mafuriko, anawafanyia wema watu na viumbe ambao hatakutana nao. Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie mvua za mwaka huu ziwe za kheri, zisizo haba wala zisizoangamiza, na atupe sote taufiki ya kuilinda amana hii, mlimani na baharini.